Uzi: Kindle ya zamani ukutani kama ubao wa taarifa za nyumbani (maji, mvua, bamvua, swala, LUKU)

#1 Kandili

Wakuu habari za jioni.

Kuna Kindle (visomeo vya vitabu vya Amazon) nyingi zimelala kwenye madroo ya watu, hasa zile za kijivu za 2011 zisizo na tachi, zenye vitufe chini, ambazo watu wanaziita Kindle 4. Kusoma watu walishahamia kwenye simu, kuiuza haiuziki, kuitupa roho inauma. Yangu niliipata kwa jamaa wa vitu used chini ya elfu hamsini, kioo safi, betri inakaa, ila kitufe kimoja cha pembeni hakibonyezeki. Saivi iko ukutani jikoni, inaonyesha maji yaliyobaki kwenye simtank (tenki la plastiki), mvua ya leo na kesho, maji kupwa na kujaa (shemeji yangu ana ngalawa, akija anaangalia hapo kabla hata ya kusalimia), saa za swala, na makadirio ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) iliyobaki. Inajibadilisha kila nusu saa. Haitoi mwanga, hailii, hakuna wa kuigusa.

Kabla hatujaingia kwenye komandi naomba jambo moja likae vichwani maana ndo uti wa mgongo wa uzi huu: Kindle isifikiri. Isiende kutafuta hali ya hewa, isipige hesabu, isipange maandishi. Kazi yake iwe moja tu, kuvuta picha moja ya PNG na kuibandika kwenye kioo, akili yote ikae kwenye kifaa kingine. Sababu ni kwamba ina RAM ya 256MB na programu za miaka hiyo, na kubwa zaidi mambo yake ya HTTPS (mawasiliano ya siri na tovuti) ni ya kale, tovuti nyingi za leo zinaifungia mlango. Ukiwa na sava yako (ndo hicho kifaa kingine) ndani ya nyumba unaipa picha kwa http ya kawaida, habari inaishia hapo. Nimeona watu wanahangaika kuweka Python (lugha ya kuandikia programu) ndani ya Kindle yenyewe, wanapambana na maktaba zinazokosekana, mwisho wanachoka na kifaa kinarudi kwenye droo.

Wanaojua changieni, wasiojua ulizeni, na wale wa "nunua tableti" nawasubiri maana najua mpo.

#2 Dogo_Tegeta

Mkuu nunua tableti. Zile za inchi 7 used zimejaa mjini, ina rangi, ina tachi, unaweka widget ya hali ya hewa dakika tano umemaliza. Hii ya kwako ni kujitafutia kazi.

#3 Kandili

Dogo nilikuwa nakusubiri wewe kwa jina.

Tableti ukiiacha inawaka masaa 24 kwanza inamulika jikoni usiku kama taa ya msibani, pili betri yake inavimba, tatu umeme ukikatika mchana mzima inazima ndani ya masaa. Kioo cha Kindle ni kitu kingine kabisa. Ndani kuna vifuko vidogo sana vyenye chembe nyeupe na nyeusi, kila rangi na chaji yake, ukipitisha umeme zinapanda au kushuka na zikishatulia zinabaki hapohapo. Umeme unatumika wakati wa kubadilisha picha tu. Hata betri ikifa kabisa picha ya mwisho inabaki kwenye kioo (ndo maana kona ya chini mi naandika saa ya picha kutengenezwa, bila hivyo unaweza kusoma mvua ya juzi ukabeba mwamvuli bure). Alafu jua likipiga dirishani ndo inazidi kusomeka, tableti hapo unaona sura yako tu.

Rangi sihitaji. Kwani lita za maji zina rangi?

#4 mama_wawili

Nimevutiwa ila hapo kwenye sava umenipoteza. Ina maana ninunue na kompyuta ikae inawaka siku nzima? Mimi nina simu ya zamani tu, Android, kioo kimepasuka kona.

#5 Kandili

Dada hiyo simu iliyopasuka ndo sava yako. Ikiwa ni Android 7 kwenda juu unaweka Termux (chukua ya F-Droid, duka la programu huria), humo ndani unapata Linux ndogo kamili. Mi natumia hivi:

pkg install python python-pillow cronie
termux-wake-lock
python -m http.server 8000

Pillow ndo inayochora picha. Skripti inaamka kila nusu saa kwa cron (kipanga ratiba cha Linux), inachukua hali ya hewa Open-Meteo (bure kwa matumizi ya nyumbani, hakuna kujisajili wala ufunguo, unaipa latitudo na longitudo tu, Dar ni -6.8 na 39.28), inasoma namba ya maji, inachora, inaseivu p.png. Basi.

Uzuri wa simu kuliko Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha ubao mmoja) kwa mazingira yetu ni kwamba ina betri yake na ina laini. Umeme ukikatika ruta inakufa, simu haifi. Kwahiyo mi sipitishi kwa ruta kabisa, simu yenyewe ndo inarusha hotspoti na Kindle inadaka hapo. Mambo mawili ya kuzingatia: hotspoti iwe ya 2.4GHz maana Kindle 4 haioni 5GHz, na nenda kwenye mipangilio uzime ile "zima hotspoti kama hakuna kifaa". Kindle inalala nusu saa, simu inadhani hakuna mtu, inajizimia hotspoti, Kindle ikiamka haikuti kitu. Hili limewatoa watu wengi relini. Na anwani ya simu kwenye hotspoti kwa Android za zamani huwa 192.168.43.1, kwa mpya inabadilikabadilika, hivo simu ya zamani hapa ndo ina raha zaidi.

Bando haliliwi sana, ni maandishi tu yanayokuja.

#6 Kitasa

Kandili hiyo simu unaiacha kwenye chaja mwaka mzima? Uliyosema kuhusu tableti kuvimba si ndo hayohayo? Mimi fundi simu, naletewa betri zimekuwa kama andazi.

#7 Kandili

Sawa fundi, hoja nzuri. Chaja yangu iko kwenye taima ya soketi, zile za kuzungusha kwa mkono, inaruhusu masaa machache usiku tu. Kioo cha simu kimezimwa muda wote so betri inashuka taratibu na kupanda taratibu, haikai 100 muda wote kwenye joto. Na simu iko juu ya kabati la vigae, haiko nyuma ya pazia. Ukiona mgongo umeanza kuinuka unatoa, hakuna mjadala.

#8 Dogo_Tegeta

Haya nimekubali nusu. Sasa kuvunja kufuli ya Kindle ili ikubali amri zetu unafanyaje, na nikiharibu je?

#9 Kandili

Inategemea modeli na toleo la programu yake, hivo kitu cha kwanza nenda kaangalie kwenye mipangilio imeandikwa toleo gani, na kabla ya yote WEKA HALI YA NDEGE. Ikishika waifai inaweza kujiapdeti yenyewe usiku na mlango ukafungwa. Maelezo kamili kwa kila modeli yapo jukwaa la MobileRead, hapa nitatoa picha ya jumla.

Kindle 4 ndo rahisi kuliko zote. Unaichomeka kwenye kompyuta, unaweka mafaili matatu ya jelibreki (ndo huko kuvunja kufuli), mojawapo linaitwa ENABLE_DIAGS, unairestati, inaingia kwenye menyu ya mafundi, kutoka hapo unafuata herufi kwenye kioo. Ikimaliza unaweka USBNetwork ili uweze kuingia ndani kwa SSH (kuiandikia amri kutoka kwenye kompyuta). Zenye tachi, Paperwhite na wenzake, zina njia zake kutegemea toleo, na kuna iliyotoka Januari 2025 inaitwa WinterBreak iliyofungua modeli nyingi, ila ilizibwa kuanzia toleo 5.18.1.

Ukishaingia ndani:

mntroot rw
/etc/init.d/framework stop
wget -q -O /tmp/p.png http://192.168.43.1:8000/p.png
eips -c
eips -g /tmp/p.png

Mstari wa kwanza unafungua diski iandikike, wa pili unaua ile sura ya vitabu isije ikakuchorea juu ya picha yako, eips ndo amri ya kugusa kioo: -c inafuta, -g inabandika picha. Ratiba unaiweka kwenye /etc/crontab/root. Picha iwe 600 kwa 800 kamili, kijivu cha biti 8, bila uwazi. Kwenye Pillow ni mode "L". Ukiipa PNG ya rangi au yenye saizi nyingine utapata mistari ya ajabu uanze kudhani kioo kimekufa.

Kwa wenye tachi amri ya pili ni tofauti, mara nyingi ni stop lab126_gui, na kuna chombo kinaitwa FBInk kinachofanya kazi ya eips vizuri zaidi, kinakubali Kindle na Kobo (kisomeo cha kampuni nyingine).

#10 Nahodha_wa_Likoni

Salaam aleikum ndugu zangu, nawasoma kutoka Mombasa. Hii kitu nimeipenda ila Kandili hebu tuulize, hayo maji kupwa na kujaa wayapata wapi? Manake hizi app za simu zatupa hesabu ya baharini huko nje, ukifika mkondoni yaenda vingine. Na ubao wako waonyesha saa peke yake ama na kimo? Saa bila kimo ni nusu ya habari. Bamvua (mwezi mpya na mwezi mpevu) maji yapanda na kushuka zaidi ya mita tatu hapa Kilindini, maji mafu ni kama mita moja tu. Mtu wa kuokota pweza ataka kujua maji yatoka mbali kiasi gani, si saa ngapi peke yake.

#11 Kandili

Waaleikum salaam Nahodha. Naonyesha vyote, saa na mita, na siku za bamvua mstari unakuwa mnene ili shemeji aone toka mlangoni.

Sivuti intaneti kwa hili. Mamlaka za bandari zinatoa jedwali la mwaka mzima, mara nne kwa siku, yaani mistari kama 1,400 kwa mwaka. Nimeiweka kwenye faili la CSV mara moja, skripti inasoma siku ya leo. Kazi ya kuchapa ni ya kuchosha kweli, sikudanganyi, nilimpa mpwa wangu kwa makubaliano ya soda na nauli. Ila mwaka mzima hukai ukiwaza API (mlango wa kuvutia data mtandaoni) imekufa au bando limeisha.

Swala pia sivuti. Kuna API ya Aladhan inayojulikana na inafanya kazi, ila hesabu ya jua unaweza kuipiga ndani ya simu, na sisi huku karibu na ikweta saa hazichezi sana mwaka mzima. Cha kuangalia ni nyuzi za Alfajiri na Isha (jua liko chini ya upeo kiasi gani), wengine wanapiga kwa digrii 18 na 17, wengine 19.5 na 17.5, dakika zinapishana. Mi nilichukua karatasi ya msikiti wetu nikabadilisha mpaka zikalingana. Imamu ndo mwenye neno la mwisho pale nyumbani, siyo Python.

#12 mama_wawili

Na saa inaonyesha ya kizungu au ya kwetu? Mama mkwe anakaa na sisi, ukimwandikia 15:40 atauliza ndo saa ngapi.

#13 Kandili

Ya kwetu dada, mstari mmoja tu wa msimbo:

s = (h + 6) % 12 or 12

Saa 15 inakuwa saa 9, saa 6 inakuwa saa 12. Alafu unaongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku kutokana na h. Mi naandika "saa 9:40 mchana" kwa fonti kubwa. Mama mkwe atakuwa mteja wa kwanza.

#14 Mzee_Kobo

Vijana mnateseka bure na kufuli. Tafuteni Kobo. Haina kufuli la maana, ni Linux, unaweka KoboRoot.tgz ndani ya folda ya .kobo, unachomoa waya, inajiweka yenyewe na kujirestati. Mimi yangu ina NickelMenu (menyu ya kuongezea), nikibonyeza inageuka ubao, nikibonyeza tena narudi kusoma.

#15 Kandili

Mzee shikamoo, kweli tupu. Tatizo ni upatikanaji, Kindle used unazikuta, Kobo mpaka mtu alete begani. Ila mwenye nayo asipoteze muda na Kindle.

Nimeulizwa pia PM kuhusu vioo vitupu vya e-ink (aina ya kioo cha Kindle), vile vya Waveshare, vinavyoendeshwa na ESP32 (kijibodi chenye waifai). Vizuri, ila kioo cha inchi 7.5 peke yake ukijumlisha usafiri ni hela kuliko Kindle nzima yenye betri, waifai na kava lake. Na vile vya rangi tatu picha moja inapepesa sekunde kumi na tano na ushee kabla ya kutulia.

#16 Kitasa

Tuje kwenye simtank sasa maana ndo kilichonileta. Unapimaje? Nilijaribu ile sensa ya macho mawili HC-SR04, ikapata mvuke, ikafa.

#17 Kandili

Hiyo siyo ya ndani ya tenki fundi, macho yake yako wazi. Chukua JSN-SR04T, ina jicho moja limezibwa maji yasiingie, na waya mrefu kiasi ubao wake unakaa pembeni pakavu. Inapiga sauti usiyoisikia, sauti inagonga maji inarudi, muda unakupa umbali. Mimi nimetoboa mfuniko wa simtank kwa msumari wa moto nikapanua kwa kisu, jicho limekaa wima linaangalia chini, pembeni silikoni.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye utamu na uchungu. Jicho hilo ni kipofu kwa karibu sentimita 20 za mwanzo. Tenki likijaa mpaka shingoni maji yanaingia kwenye upofu na namba zinaruka, mara tenki tupu mara lita elfu tatu kwenye tenki la elfu moja. Dawa ni kuliinua. Nimekata kipande cha bomba la inchi 4 nikalisimamisha juu ya mfuniko, jicho liko juu ya bomba. Bomba likiwa jembamba sauti inagonga ukuta wake kabla ya maji, hivo usibane. Pili, ESP8266 (kijibodi cha waifai kinachosoma sensa) inakula volti 3.3 na sensa inarudisha 5, weka vizuizi (resistor) viwili kupunguza kwenye waya wa echo, ule unaorudisha jibu. Tatu, usiamini kipimo kimoja, chukua kadhaa mfululizo, panga, beba cha katikati. Wastani utaharibiwa na kipimo kimoja cha kichaa, cha katikati hakiharibiwi.

Na simtank siyo pipa lililonyooka, lina mbavu na mabega. Njia ya uhakika ni siku maji yakiwa yameisha, unajaza kwa ndoo ya lita 20, kila baada ya ndoo tano unaandika umbali. Unapata jedwali lako mwenyewe, katikati ya namba skripti inakadiria. Ndani ya ubao kunaandikwa "Maji lita 620, jana 740". Hiyo jana ndo muhimu kuliko yote, siku moja ilionyesha tumetumia mara mbili na hakuna aliyefua, kumbe boya la choo lilikuwa linapitisha maji usiku kucha.

#18 Kitasa

Bomba la inchi 4!! Nimekuelewa. Na LUKU? Mita yangu iko nguzoni huko nje.

#19 Kandili

LUKU sina njia ya ujanja na sitaki uwepo. Mita nyingi zina kijitaa kinachopepesa, pembeni kimeandikwa imp/kWh, mfano 1000 au 1600, maana yake kikipepesa mara hizo umekula uniti moja. Kama mita iko ndani kwako unaweza kuweka sensa ya mwanga kwa nje ikahesabu bila kufungua chochote. Kama iko nguzoni achana nayo kabisa, usipande, usiguse sili.

Mimi nimefanya kienyeji. Simu ina ukurasa mdogo wenye kisanduku kimoja, mtu akiangalia uniti kwenye kile kibox cha kubonyezea namba anaiandika, skripti inagawanya kwa siku na kukadiria lini zitaisha. Haiko sahihi kwa uniti, ila ikisema "Alhamisi" tunanunua Jumatano.

#20 Dogo_Tegeta

Mbona hujaweka habari, bei ya dola, mechi za leo? Nafasi ipo.

#21 Kandili

Niliweka kichwa cha habari na dola, hakuna aliyevisoma, vikawa vinasukuma maji pembeni. Kipimo changu ni kimoja: je kuna mtu nyumbani atafanya kitu tofauti leo kwa sababu ya hiyo namba? Maji yakiwa 200 tunaita boza au tunaacha kufua. Dola ikipanda mi nifanyeje jikoni? Mechi kila mtu anazo mfukoni.

#22 mama_wawili

Nimefika mbali jamani!! Termux inafanya kazi, Kindle nimeikopa kwa kaka. Ila maandishi ya zamani yanabaki kama kivuli nyuma ya mapya, na betri imeisha ndani ya siku mbili.

#23 Kandili

Hongera sana dada, umewapita wengi humu.

Kivuli ni kawaida, chembe nyingine zinagoma kuhama. Piga eips -c mara mbili kabla ya kubandika, kioo kitapepesa cheusi na cheupe kisha kitasafika. Na usitumie kijivu cha katikatikati kwenye maandishi, nyeusi juu ya nyeupe tu.

Betri inaliwa na waifai na Kindle kutolala. Cron peke yake hailazi kifaa, inabidi skripti imalize kazi, izime waifai, iweke kengele ya kuamka kisha ilale:

lipc-set-prop com.lab126.wifid enable 0
echo +1800 > /sys/class/rtc/rtc0/wakealarm
echo mem > /sys/power/state

Kuna modeli kengele iko rtc1 siyo rtc0, angalia kwanza. Ikiamka inaendelea mstari unaofuata, inawasha waifai, inasubiri ishike (weka kikomo cha sekunde 60, isije ikasubiri milele simu ikiwa imezima), inavuta picha, inalala tena. Hivo betri inahesabiwa kwa wiki. Na usiku kati ya saa 5 na saa 11 alfajiri mimi haiamki kabisa, nani anaangalia mvua saa nane usiku.

#24 Nahodha_wa_Likoni

Mie nina Paperwhite, nataka kuibandika kwa friji na sumaku, yafaa?

#25 Kandili

Sumaku hapana Nahodha. Paperwhite ina kihisi cha sumaku kwa ajili ya yale makava ya kufunga na kufungua, ukiipitishia sumaku karibu na ukingo inadhani umefunga kava, inalala. Tumia tepu ya pande mbili au fremu ya picha, toa kioo cha fremu acha ubao wa nyuma. Na picha yako itakuwa 758 kwa 1024 kama ni ya 2012, ya 2015 ni 1072 kwa 1448, hivo fonti ziongeze.

Na kama una jedwali la Kilindini la mwaka huu lichape hivi, mstari mmoja kila badiliko, tarehe, saa ya masaa 24, mita, bila nafasi katikati, ulitupie hapa watu wa Likoni na Mtwapa walichukue. La Dar naliweka kesho mpwa akishamalizia Novemba na Desemba, anadai soda zimepungua.